Pipa la Tijana

Nililigonga kwa kifundo cha kidole,
likaniitikia kama debe.
Miaka ishirini na sita pipa hilo la mwaloni
limelala gizani chini ya ghala letu, ubavuni mwa Maljen,
limeandikwa kwa chaki jina la binti yangu
na mwaka wa plamu zile
zilizoanguka nyasini kabla mti haujatikiswa.

Tijana anaolewa baada ya siku arobaini.
Pipa kavu.

Sikuuliza. Mpira mwembamba ulikuwa bado msumarini,
ule wa kunyonyea dizeli ya trekta,
na ncha yake ilinuka plamu.
Naijua miaka ile. Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa
Milisav alikuwa akishuka huku "kutazama viazi",
akipanda na macho mekundu,
wala viazi havijatazamwa hivyo tangu dunia iumbwe.
Leo ni mwaka wa tisa hajagusa tone.
Nikafunga ghala, nikafunga na mdomo.

Rakija changa ninayo, ya vuli iliyopita,
nyeupe kama maji ya kisima, kali kama ulimi wa wifi.
Na wifi mwenyewe, Stamenka, akasema:
tia sukari ya kuungua, nani atajua?
Nani atajua! Koo litajua.

Basi nikalichinja pipa.
Pete za chuma zikaanguka moja moja,
mbao zikalala chali, weusi wa ndani ukitazama dari.
Nikazipasua vijiti, unene wa kidole cha mtoto,
nikavioka katika tanuri ya mkate
mpaka jiko likanukia vanila,
kisha lozi,
kisha (toa! toa upesi!) masizi.

Mitungi saba ya kioo, ya kutilia kachumbari.
Vijiti vitatu kila mmoja, kitambaa mdomoni, ipumue.
Mchana ndani ya beseni la maji moto,
usiku nje, thelujini.
Kwa joto mti hufungua vinyweleo, hunywa;
kwa baridi hujikunyata,
hurudisha ulichokunywa kikiwa na rangi.
Kiangazi asubuhi, kipupwe jioni:
niliizeesha mwaka kwa siku
kama msiba unavyomzeesha mtu.

Mtungi mmoja niliutia vijiti saba, kwa pupa,
ukawa shubiri. Nikausugulia madirisha.
Wahenga walisema haraka haina baraka.
Wahenga hawakuwa na harusi Jumamosi.

Baba wa bwana harusi, Dragutin, mwenye shingo ya fahali,
akainua glasi kwenye mwanga.
Akanywa. Akafumba macho.
"Miaka ishirini na sita," akautangazia ukumbi,
"haisemi uongo!"
Wakapiga meza, tarumbeta zikalia,
mimi nikatazama viatu vyangu.

Usiku, tukikusanya sahani,
Milisav aliokota glasi iliyobakia tone.
Akainusa. Akainusa tena, polepole,
kama mtu asomaye barua iliyochelewa.
Hakunywa.
"Mbichi," akasema.

Nilikuwa na maneno ya miaka tisa,
nimeyaoka, nimeyaloweka, yamekolea rangi.
Nilimtazama: mikono miwili, kitambaa cha vyombo,
mtu pekee duniani aliyeionja ile ya kweli.
Mimi sikupata hata kijiko. Tijana hakupata.
Dragutin ameisifu asiyoijua.

Nikavuta kiti.
"Ilikuwaje?" nikamwuliza.
Alidhani ni kesi. Akaanza kujitetea na viazi.
"Hapana. Ladha yake. Ilikuwaje?"

Akakausha sahani moja, akakausha ya pili.
"Mwanzo," akasema, "husikii kitu.
Unadhani umenywa maji…"